Pua, Mifupa na Mikono: Watu wa Minecraft Walitoka Wapi?

Mara ya kwanza nilipouawa na zombi katika mchezo wa Minecraft, kilichonishangaza hakikuwa kifo bali nguo. Zombi yule alikuwa amevaa fulana ya samawati na suruali ya rangi ya nili, sawasawa na mavazi ya Steve, mhusika niliyekuwa nikimwongoza usiku ule kwa hofu na pupa ya mgeni. Uso wake ulikuwa wa kijani na mikono yake ilinyooshwa mbele, lakini umbo lilikuwa langu. Nilipofufuka na kuanza upya, nilijiuliza swali ambalo sijaacha kujiuliza hadi leo: huyu alikuwa nani kabla hajawa zombi?

Mchezo wenyewe haujibu. Markus Persson wa Uswidi alianza kuusambaza mwaka 2009, na kampuni ya Mojang imeendelea kuongeza viumbe na majengo mwaka hadi mwaka bila kuandika ndani yake historia ya wakazi wake. Hakuna mzee wa kijiji anayesimulia asili ya ukoo, wala kitabu katika maktaba za ngome za chini ya ardhi chenye masimulizi ya waliozijenga. Kilichopo ni vitu: majengo, mavazi, silaha, vigae vya vyungu, na sheria zinazoamua nani anageuka kuwa nini. Kwa hiyo anayetaka kukisia hana budi kufanya kazi ya mwanaakiolojia, yaani kuviuliza vitu maswali ambayo hakuna mtu wa kuyajibu.

Najua kwamba kila fumbo nitakalolitaja lina jibu la pili, jibu la karakana. Zombi anavaa nguo za Steve pengine kwa sababu umbo lililokuwa tayari lilitumika tena, na hakuna aliyekaa mezani kupanga msiba wa taifa zima. Jibu hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba ulimwengu wa kubuni ukishafunguliwa kwa watu, vitu vilivyomo huanza kuhusiana hata kama aliyeviweka hakukusudia, na mahusiano hayo yanaweza kupimwa: kisio moja linaweza kueleza mambo mengi kuliko jingine, na moja linaweza kuvunjwa na ushahidi ambao jingine linaumudu.

Mfano bora wa hali hiyo ni vijiji. Toleo la majaribio la Beta 1.8, lililotoka tarehe 14 Septemba 2011, lilileta vijiji vyenye nyumba, mashamba na visima, lakini bila mkazi hata mmoja. Mchezaji aliyevikuta siku hizo alitembea katika njia za changarawe, akafungua milango, akaona ngano iliyokwisha kuiva, na hakukutana na mtu. Wanakijiji waliingia katika matoleo ya majaribio yaliyofuata na kuthibitishwa katika toleo kamili la tarehe 18 Novemba 2011. Kwa muda hata jina la kueleweka hawakuwa nalo, kwani juu ya vichwa vyao liliandikwa neno la ajabu “Testificate”. Kwa karakana, hiyo ni ratiba ya kazi iliyochelewa. Kwa anayekisia, ni jambo zito kidogo: katika ulimwengu huu nyumba zilitangulia, kisha wakaja watu.

Tuanze na vichwa. Mwanakijiji ana kichwa kirefu, nyusi zilizoungana, na pua kubwa inayoning’inia katikati ya uso. Mchezaji hana pua ya namna hiyo, na kichwa chake ni mchemraba mfupi. Ukipita usiku ukiwatazama wafu wanaotembea, utaona kwamba karibu wote wana kichwa kifupi. Mazombi wa kawaida wana umbo la mchezaji. Wale wa jangwani waliokauka wana umbo la mchezaji. Wale waliozama, walioletwa mwaka 2018 na ambao baadhi yao hubeba mikuki ya ncha tatu, nao vilevile. Zombi mwenye pua yupo, aliongezwa mwaka 2012, lakini ni wachache: katika toleo la Java, lile la kompyuta, uwezekano wa zombi anayejitokeza gizani kuwa wa ukoo wa wanakijiji ni asilimia 5 tu. Maana yake ni kwamba, kwa kila wafu 100 wa namna hiyo, takriban 95 ni wa watu ambao huwezi kumkuta hata mmoja wao akiwa hai katika kijiji chochote.

Viunzi vya mifupa vinasema zaidi. Viko vya kawaida vyenye pinde, viko vya nyanda za theluji ambavyo mishale yake hupunguza mwendo, viko vyeusi na virefu vya ngome za Nether, ule ulimwengu wa moto unaofikiwa kwa lango, na tangu mwaka 2024 viko vya vinamasi, vilivyoota uyoga na kurusha mishale yenye sumu. Aina zote hizo zina fuvu fupi. Hakuna kiunzi chenye fuvu refu la mwanakijiji, si juu ya ardhi, si mapangoni, si Nether. Nyama huoza haraka, mifupa huchukua muda. Jamii iliyokaa mahali kwa vizazi vingi huacha mifupa, na jamii iliyofika juzi huacha maiti wachache ambao bado wana nyama. Wanakijiji wana mazombi lakini hawana mifupa. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba watu wenye pua ni wageni katika ardhi wanayoilima, na kwamba kabla yao waliishi watu wengine, ambao nitawaita watu wa kale.

Watu wa kale waliishi vipi? Mazombi wao, mara chache, huangusha karoti, viazi au kipande cha chuma, na baadhi yao bado wanashika jembe la koleo au upanga wa chuma. Basi walilima, walifua chuma, walichimba na walipigana. Hapo zamani ningeongeza ushahidi mwingine niliokuwa nikijivunia: viunzi virefu vya Nether hubeba panga za mawe, ilhali Nether haikuwa na jiwe la kutengenezea upanga, kwa hiyo silaha zile lazima zilitoka juu pamoja na wenyewe. Mwaka 2020 jiwe jeusi liliingizwa Nether, nalo linafaa kwa zana za mawe, na hoja yangu ikafa siku hiyohiyo. Naitaja ili msomaji ajue kwamba hoja hizi hufa kweli.

Toleo la 1.20, la Juni 2023, lilileta brashi, mchanga na changarawe za kutilia shaka, na vigae vya vyungu vilivyozikwa. Kila kigae kina picha na jina. Katika visima na mahekalu ya jangwani kuna mpiga upinde, mchimba madini, mtengenezaji dawa, na mtu aliyeinua mikono yote miwili juu. Katika magofu ya baharini kuna mvuvi na mpelelezi wa nchi. Wanakijiji wana kazi 13 zinazojulikana, kuanzia mkulima hadi mhunzi wa silaha, na nimezipitia zote: mchimba madini hayumo, na hakuna askari. Kasisi anakaa mbele ya mtambo wa kuchemshia dawa lakini hakuuzii chupa hata moja ya dawa iliyochemshwa humo. Anauza vitu vya kutengenezea, na ananunua nyama iliyooza, kwa sababu ambayo nisingependa kuifikiria sana.

Kigae kimoja ndicho kilichonipa usingizi wa mang’amung’amu kwa siku kadhaa. Kinapatikana katika magofu ya njiani, yale yaliyofukiwa karibu yote chini ya udongo, na picha yake ni uso wa mwanakijiji, pua na yote. Nilipokiona kwa mara ya kwanza nilidhani nadharia yangu imekwisha, kwani kumbe watu wenye pua walikuwepo tangu enzi za magofu. Kisha nikasoma jina lake. Kigae hicho kinaitwa “rafiki”.

Mtu hajichori mwenyewe na kujiita rafiki. Jina hilo hupewa mwingine, yule anayekuja, anayekaa karibu, anayebadilishana nawe vitu na kurudi kwake. Aliyefinyanga chungu kile alimjua mwanakijiji vizuri kiasi cha kuchora pua yake, na alimhesabu kuwa mtu mwema, lakini hakumhesabu kuwa mmoja wao. Kwa hiyo naisahihisha kauli yangu: watu wenye pua si wageni wa ulimwengu mzima, ni wageni wa vijiji. Walikuwa jirani.

Jirani wa wapi? Hapa kuna jambo dogo ambalo wachezaji wengi hawalioni kwa sababu halitokei lenyewe. Vijiji ni vya aina tano: vya tambarare, vya jangwa, vya savana, vya misitu ya baridi na vya nyanda za theluji. Wanakijiji wa kila eneo wana mavazi yao. Lakini mavazi yaliyomo katika mchezo ni ya aina saba. Ukiwachukua wanakijiji wawili, ukawapeleka kwa mtumbwi hadi kwenye kinamasi au kwenye msitu mnene wa mvua na kuwajengea makao, mtoto atakayezaliwa pale anaweza kuvaa vazi la kinamasi au la msitu huo, vazi ambalo hakuna kijiji chochote kinacholivaa. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilisimama nikimtazama mtoto kana kwamba amezungumza lugha ambayo wazazi wake wameisahau. Kisio langu ni kwamba hiyo ndiyo nchi yao ya asili: vinamasi na misitu minene, mahali ambapo watu huishi kwa kukusanya na kubadilishana, na ambako hakuna nyumba za mawe. Huko ndiko alikobaki mchawi peke yake katika kibanda chake cha juu ya maji. Yeye ana pua ileile, na tunajua anavyopatikana, kwani mwanakijiji akipigwa na radi hugeuka mchawi papo hapo. Sihitaji kumtafutia ukoo mwingine.

Ni nini basi kilichowatoa watu wa kale katika nyumba zao na kuwaingiza majirani? Hapa ninaegemea maradhi, na sababu yangu si kwamba neno zombi limezoeleka kuambatana na maradhi. Sababu yangu iko chini ya nyumba za theluji. Karibu nusu ya nyumba hizo zina mlango uliofichwa chini ya zulia, na ngazi inayoshuka hadi kwenye chumba cha mawe. Ndani ya chumba hicho kuna vizuizi viwili vya nondo: kimoja kina mwanakijiji mzima, cha pili kina mwanakijiji aliyekwisha geuka zombi. Kando yake kuna mtambo wa dawa wenye chupa ya kurusha ya dawa ya udhaifu, na sanduku lenye tofaa la dhahabu. Hivyo viwili, dawa ya udhaifu na tofaa la dhahabu, ndivyo hasa vinavyomponya zombi wa ukoo wa wanakijiji. Kuna mtu aliyeyajua maradhi hayo kuwa ni maradhi, akatafuta tiba, akawa na mgonjwa na mtu mzima wa kulinganisha naye, kisha hakurudi. Wanakijiji hawachemshi dawa. Aliyechora kigae cha mtengenezaji dawa ndiye ninayemshuku.

Lakini tiba ile haimponyi zombi wa kawaida. Unaweza kumrushia dawa na kumlisha matofaa hadi ghala liishe, atabaki zombi. Ninavyoelewa mimi, ukoo ule ulichelewa. Maradhi yaliwashika zamani mno, na ndani yao hakuna tena mtu wa kurudishwa. Tabibu wa chini ya theluji aliwatibu majirani kwa sababu walikuwa ndio pekee waliobaki wa kutibika, au kwa sababu alikuwa amekwisha kuwapoteza wa kwake. Siwezi kuchagua kati ya hayo mawili, na kusema kweli la pili linanikera moyo kiasi kwamba naliamini zaidi ya linavyostahili.

Tazama pia jinsi viumbe mbalimbali wanavyoambukizwa, maana hapo kuna mpangilio unaofanana na ule wa maradhi ya kweli. Piglin, wale watu wenye sura ya nguruwe na tamaa ya dhahabu waliotambulishwa Juni 2020, wanaishi Nether. Mmoja wao akivuka lango na kuingia ulimwengu wa juu, hugeuka zombi baada ya sekunde 15 bila kuguswa na yeyote. Mwanakijiji anaishi ulimwengu wa juu miaka yote bila dhara, na hugeuka tu akiuawa na zombi: katika kiwango cha kawaida cha ugumu uwezekano ni nusu kwa nusu, katika kiwango kigumu ni hakika. Mchezaji hageuki kamwe. Anaumwa, anauawa, anaweza hata kula nyama iliyooza na kupata njaa ya ghafla kwa uwezekano wa asilimia 80, lakini hawi zombi. Tunajua katika historia yetu kwamba ndui iliwaangamiza wenyeji wa mabara ya Amerika kwa sababu hawakuwahi kukutana nayo kabla Wazungu hawajafika mwishoni mwa karne ya 15, ilhali wageni wale walitoka katika jamii zilizozoeana nayo kwa kulipa vifo vya karne nyingi. Piglin ndiye asiyezoea hata kidogo. Mwanakijiji amezoea kiasi, kama jirani anavyozoea. Anayeonekana kuwa na kinga kamili ni yule mwenye umbo la waliokufa wengi zaidi, na hilo si kinyume: maradhi yakiua karibu watu wote, waliosalia ni wale ambao hayakuwaweza.

Kuhusu Piglin sina mengi ya kuongeza. Ni taifa la Nether, wana ngome zao zilizobomoka, na sioni sababu ya kuwaunganisha kinasaba na yeyote. Kinachonisumbua ni nguruwe wa kawaida ambaye akipigwa na radi huinuka kwa miguu miwili akiwa zombi mwenye upanga wa dhahabu. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko Piglin wenyewe kwa miaka mingi, na nadharia yangu haina mahali pa kuiweka.

Sasa nirudi kwenye mikono, kwa sababu hapo ndipo ninapoamini historia ya baadaye imejificha. Mwanakijiji amekunja mikono yake kifuani, na haikunjui. Analima, anavuna, anafungua milango, anafanya biashara ya zumaridi, na bado mikono imekunjwa. Kuna mwashi anayeuza matofali, lakini hajawahi kuweka tofali moja juu ya jingine. Nyumba ikibomoka haitengenezwi, ukuta ukitobolewa na mlipuko tundu hubaki milele. Hivi ndivyo anavyoonekana mtu aliyerithi nyumba asiyojua ilivyojengwa. Anaiheshimu, anaitumia, anaweza hata kutaja bei ya tofali, lakini haithubutu mikono yake.

Ndugu zake ni tofauti. Illager, wale wenye ngozi ya kijivu na pua ileile, waliingia mchezoni mwaka 2016 pamoja na majumba makubwa ya msitu wa giza, na wengine wakafuata mwaka 2019 pamoja na minara yao ya ulinzi. Mwenye shoka husimama akiwa amekunja mikono kama mwanakijiji yeyote, hadi anapomwona adui. Hapo mikono hufunguka na shoka likainuka. Mwenye upinde wa kifyatulio hakunji kabisa. Tazama pia minara yao. Utaikuta katika tambarare au jangwani, lakini sehemu kubwa ya mbao zake ni za mwaloni mweusi, mti unaoota katika msitu wa giza, mahali yalipo majumba makubwa. Mtu hujenga kwa mti ulio karibu asipokuwa na sababu ya kubeba wa kwao. Illager walitoka katika msitu wa giza wakiwa na mbao mabegani, na wanajua kujenga. Ndani ya majumba yao kuna sanamu ya kichwa chao wenyewe iliyotengenezwa kwa sufu, na kuna chumba cha siri chenye mfano wa lango la kuelekea End, ulimwengu wa tatu wa mchezo huu, mfano usiofanya kazi. Anayetengeneza mfano wa kitu ni mwanafunzi wa aliyekitengeneza.

Hii ndiyo sababu siamini masimulizi mepesi kwamba Illager ni wanakijiji waovu waliofukuzwa. Naona ukoo mmoja uliokutana na urithi mmoja na kugawanyika juu ya jinsi ya kuupokea. Wengine waliingia katika nyumba za marafiki zao waliokufa, wakakunja mikono, wakasema tusiguse. Wengine wakasema tujifunze walichokijua, pamoja na vile vilivyowaua, na kwa kweli baadhi yao wana hirizi ya dhahabu inayomzuia mwenye kuishika asife. Uadui ulikuja baadaye, kama uadui wa ndugu unavyokuja. Na hawajasahauliana: mchora ramani wa kijiji, ukimlipa zumaridi na dira, atakuuzia ramani inayoelekeza moja kwa moja kwenye jumba la msitu wa giza. Sijui ni mgeni gani angekuwa na ramani ya nyumba ya adui aliyejificha mbali namna ile. Mtu huwa na ramani ya kwao.

Nimemwacha Enderman, kiumbe wa End, mwishoni kwa sababu juu yake kuna nadharia yenye nguvu kuliko yangu, iliyoenea sana kati ya wachezaji: kwamba watu wa kale walipita katika malango ya ngome za chini ya ardhi, wakanaswa End, wakaishi kwa matunda ya kule, na baada ya vizazi wakawa hawa warefu, weusi, wenye macho ya zambarau. Hoja zake ni nzuri. Enderman ana mikono na miguu kama mtu. Anabeba bloku, ile michemraba inayounda ulimwengu huu, kana kwamba mikono inakumbuka ujenzi ambao akili imeusahau. Sauti zake ni maneno ya kibinadamu yaliyogeuzwa nyuma mbele na kuvurugwa, mengine yakiwa ya salamu.

Hata hivyo, naikataa. Maji humuumiza Enderman, naye hukimbia mvua. Watu wa kale walivua samaki, walikaa pwani, na waliacha mikuki ya ncha tatu mikononi mwa wafu wao. Miji ya End ina meli zinazoelea angani, na ndani ya kila meli kuna chupa mbili za dawa ya uponyaji, dawa ambayo huwadhuru wafu na kuwasaidia walio hai, lakini simwoni Enderman akizikaribia, akizitumia wala akipanda meli hiyo. Anatembea nje ya miji ile kama paa anavyotembea kando ya gofu. Nadhani yeye ni mzaliwa wa End, na watu wa kale walimkuta huko. Na maneno yake ninayaeleza hivi: mtu akifika ugenini, neno lake la kwanza ni salamu. Enderman aliisikia mara nyingi, akaishika kama kasuku anavyoshika, bila kujua mwanzo wake ni upi na mwisho wake ni upi. Hata bloku anazobeba, za nyasi, mchanga, maua, uyoga, ni vitu vya ulimwengu wa juu zaidi kuliko vya kwao. Simwoni kama mjenzi aliyesahau. Namwona kama mwenyeji aliyetembelewa, ambaye wageni wake hawakurudi, na sasa yeye ndiye anayekwenda kwao kuangalia.

Anabaki mchezaji. Anaamka ufukweni au msituni bila wazazi, bila kijiji, akiwa na umbo la mazombi na viunzi vya mifupa, akiwa na kinga ambayo hakuna mwingine aliye nayo, na mikono inayojua kujenga kabla hajafundishwa. Wanakijiji hawamwogopi. Wanamtazama, wanampa bei, na kijiji kikiwa na jitu la chuma, jitu hilo humwacha apite. Kama kigae cha rafiki kilikuwa na mwenzake upande wa pili, picha ambayo watu wenye pua waliichora ya jirani yao, ninadhani ingekuwa na kichwa kifupi na fulana ya samawati.

Naweza kuwa nimekosea, na najua ni kitu gani kitakachonionyesha. Toleo la mwaka 2024 lilipokuja na viunzi vya vinamasi, mahali hasa ninapodai watu wenye pua walitoka, nilikwenda kinamasini usiku wa kwanza bila ngao, nikapigwa mishale minne ya sumu, na nikasimama pale hadi nikauona uso wa kiunzi kwa karibu. Fuvu lilikuwa fupi.